Naomba ushauri: faili za gemu ziwekwe folda gani?
Wakuu habari zenu, natengeneza gemu ya bao kwa Godot (programu ya kutengenezea gemu), ya kuchezea kwenye PC, sasa nimekwama hapa kwenye kusevu. Mimi sipendi kabisa gemu zinazomwaga vitu kwenye Documents, mtu ana CV na barua zake za kazi pale halafu anakuta folda za gemu hajaziita, na kama Documents yake inasinki na OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) ndo bando linaisha hivyo hivyo. Godot yenyewe kwa Windows inaweka AppData\Roaming\Godot\app_userdata, sawa, ila AppData imefichwa, mtu akipiga Windows upya hajui abebe nini, anaanza gemu upya, inauma sana hiyo.

Nawaza setingi za skrini zikae AppData\Local maana zinategemea mashine, alipofikia mchezaji paende Saved Games, ile folda ipo tangu Windows Vista japo gemu nyingi haziitumii. Linux nigawe hivyo hivyo, setingi .config na sevu .local/share.

Waliowahi kutoa gemu mnafanyaje? Na nikiweka kitufe kwenye menyu cha kufungua folda ya sevu moja kwa moja, watu watakitumia kweli?