Toyota IST inapoteza nguvu mlimani kisha inazima: nitathibitishaje kwamba ni pampu ya mafuta?

Muulizaji, Iringa

Habari zenu ndugu zangu. Ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 2NZ-FE, na kwa miezi miwili sasa inanisumbua kila ninapopanda mlima wa Kitonga. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, lakini nikifika katikati ya mlima, hasa mchana wa jua kali na mafuta yakiwa chini ya robo, huanza kushtukashtuka, hukosa nguvu hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho, kisha huzima. Nikiipumzisha kwa nusu saa huwaka kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote na koili moja, hali ikabaki ileile. Fundi wa pili amesema ninunue pampu ya mafuta, lakini hakupima chochote, nami nimechoka kununua spea kwa kubahatisha. Ninaomba mnieleze namna ya kuthibitisha kabla sijatoa fedha.

Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam

Pole sana ndugu yangu. Dalili zako zinaielekea pampu, na sababu yake inaeleweka. Pampu ya gari lako imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli ileile inayoisukuma; kwa hiyo mafuta yakipungua na jua likiwa kali, mota iliyochakaa hupata joto na kuishiwa nguvu wakati uleule ambapo injini inadai mafuta mengi zaidi. Hata hivyo, sensa ya krenki, inayoipa kompyuta ya gari taarifa za mzunguko wa injini, nayo huweza kukata ikipata joto na kurudi ikipoa, na wengi huichanganya na pampu. Sensa ikikata, injini huzima ghafla kama uliyeizima kwa ufunguo, ilhali pampu inayochoka hutanguliza kushtuka na kukosa nguvu kama ulivyoeleza.

Kipimo cha kuaminika ni geji ya presha, inayofungwa kwenye njia ya mafuta kabla ya nozeli zinazonyunyizia petroli kwenye injini. Kwa injini hiyo presha inapaswa kuwa kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani takribani paundi 44 hadi 50 kwa inchi ya mraba, na injini ikizimwa isishuke chini ya 147 kwa muda wa dakika tano. Tafadhali usiridhike na kipimo cha gari lililopoa, kwa sababu pampu mbovu nyingi hufanya kazi vizuri asubuhi.

Presha ikionekana ndogo, bado usinunue pampu. Mwombe fundi apime volti kwenye soketi ya pampu injini ikiwa inanguruma, kwa kuingiza ncha za mita upande wa nyuma bila kuichomoa soketi, kisha alinganishe na volti za betri. Tofauti ikizidi volti moja, kagua relei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu), soketi yenyewe na waya wa arthi. Niliwahi kupokea gari lililokuwa limefungwa pampu mpya tatu mfululizo, na kosa lote lilikuwa bolti ya arthi iliyoshika kutu. Mwenye gari alikuwa ameuza mbuzi wake ili anunue ile ya tatu, na jambo hilo bado linaniuma.

Mmiliki wa IST, Dodoma

Naafiki. Ningeongeza jambo moja lisilo na gharama: gari likianza kukosa nguvu, simama mahali salama ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapona papo hapo, tangi halipumui na pampu haina kosa.

Ikibidi kubadilisha, pampu iko chini ya siti ya nyuma, huna haja ya kushusha tangi. Kwanza chomoa soketi yake, washa gari mpaka lizime lenyewe ili presha iishe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Kazi ifanyike nje penye hewa, bila sigara wala taa ya waya, na mpira wa kuzibia mdomo wa tangi uwe mpya, kwani ule wa zamani ukirudishwa harufu ya petroli huingia ndani ya gari walimokaa watoto. Pampu ya mtumba siishauri, kwa kuwa hujui imebakiza maisha kiasi gani.

Muulizaji, Iringa

Nawashukuru kwa dhati. Kifuniko hakikubadilisha kitu. Presha ilikuwa 310 gari likiwa la baridi, ikashuka hadi 210 baada ya kupata joto. Betri ilionyesha volti 13.8, soketi ya pampu 11.9. Tulipoichomoa soketi tukaona pini moja imekuwa ya kahawia, na plastiki iliyoizunguka imeyeyuka ikaacha shimo dogo la ukubwa wa punje ya mtama. Tulifunga soketi nyingine, volti zikapanda hadi 13.5, lakini presha ya moto iliishia 245. Hapo ndipo niliponunua pampu mpya, pamoja na chujio lake dogo la wavu, ambalo la zamani lilikuwa limeziba kwa tope jeusi. Sasa presha ni 325, iwe baridi au moto.

Jumamosi nilipanda Kitonga saa nane mchana nikiwa na abiria wanne, na gari halikushtuka hata mara moja.

Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam

Vizuri sana. Pampu iliyochakaa huvuta umeme mwingi, na huenda ndiyo iliyounguza pini hiyo. Ikague tena soketi mpya baada ya mwezi mmoja. Ukiigusa mara tu baada ya safari ndefu haipaswi kuwa ya moto.