Karpi niliyemwachia jioni, asubuhi nimemkuta ana tundu la mshale

Wakuu, nimerudi mashindanoni jana usiku na hasira haijanitoka. Kwa wasionijua, mimi navua karpi, samaki mkubwa wa maji baridi, kwa ndoana. Nilijifunza Uingereza, huu ni mwaka wa tatu niko Marekani.

Ijumaa jioni nilitoa karpi wa kilo 13, wale wanaoitwa karpi kioo, ana mstari mmoja wa magamba makubwa ubavuni kama vifungo vya koti. Nikamlaza kwenye godoro lililolowa, akapimwa, jaji akaandika, nikamshikilia majini mpaka akapata nguvu akaenda zake. Usiku zikaja boti zenye mataa, watu wanaowinda samaki kwa pinde na mishale. Asubuhi namkuta yuleyule, magamba yaleyale, anaelea kwenye matete, mshale umepita ubavu huu ukatokea ule. Wenzake kama ishirini wamerundikwa ukingoni, inzi wamejaa. Hakuna hata mmoja aliyebebwa akaliwe!

Nikamfuata mwandaaji. Akasema sheria inaruhusu, na kwamba huyo ni samaki takataka tu. Mwandaaji wa mashindano ya karpi anasema hivyo! Basi kiingilio changu alichukua cha nini?

Na hiyo takataka nani aliileta? Ni serikali yao wenyewe. Mwaka 1877 Spencer Baird wa Tume ya Samaki alimwagiza karpi kutoka Ujerumani akamfuga kwenye mabwawa ya Baltimore, na watu wakawa wanapitia kwa wabunge wao kuomba vifaranga. Walipomchoka wakamgeuka. Siku hizi anabebeshwa hadi lawama za karpi wa fedha, yule wa Asia anayerukaruka kwenye mito ya Illinois, samaki mwingine kabisa.

Sisemi hana madhara. Anatifua matope, maji yanachafuka, mimea inakufa. Anayetaka kumpunguza ampunguze, lakini amle. Wacheki wanamla Krismasi, Naivasha ni kitoweo. Kumtoboa na kumwacha aoze ni ukatili, sina neno lingine.

Uingereza karpi mkubwa anapewa jina. Yule wa kilo 20 aliyevuliwa na mvuvi Richard Walker kwenye bwawa la Redmire mwaka 1952 alipelekwa akaishi kwenye bustani ya wanyama ya London. Karpi mwingine, Benson, alipokufa 2009 magazeti yaliandika habari za kifo chake, samaki aliyekuwa ameshavuliwa na kurudishwa majini mara nyingi mno. Kwenye mabwawa niliyovua mimi kule, ukija bila godoro na dawa ya kidonda cha ndoana unarudishwa getini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Wamarekani wanajua haya yote. Kwenye mashindano yao ya bass, samaki wanayempenda kumvua, mwanzilishi wake Ray Scott alianza kuhimiza samaki warudishwe hai tangu 1972, na ukipeleka bass aliyekufa kwenye mizani unakatwa uzito. Boti zao zina matangi ya kumtunza akiwa hai siku nzima. Huruma wanayo, ila karpi wameamua kumnyima.

Nimeandika kudai kiingilio changu, sijajibiwa. Mlioko Marekani mnaovua, kuna mashindano yoyote mnayoyajua ambako boti za pinde hazikanyagi kabisa usiku? Nitajieni jimbo na mto, hata kama ni mwendo wa siku mbili nitaendesha.