Naomba ushauri: programu ipi ya bure ya mashine pepe kwa laptopu yenye RAM GB 8?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Nataka kujifunza Linux bila kuigusa Windows 11 Home ninayofanyia kazi. Mwaka jana nilijaribu kuweka mifumo miwili kwenye diski moja. Wakati wa kuigawa nikachagua sehemu siyo, picha za mwanangu za miaka 3 zikafutika zote, na nakala sikuwa nayo. Bado inaniuma. Safari hii nataka mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya Windows, nikiboronga niboronge humo humo. Naona VirtualBox, VMware na Hyper-V zote zinasifiwa. RAM ni GB 8, SSD ina nafasi ya GB 90. Matumizi ni binafsi tu. Nianze na ipi?

Jibu la 1
Pole sana mkuu, picha za mtoto hazina mbadala.

Hyper-V itoe kwenye hesabu, haimo kwenye Windows Home. Chukua VirtualBox. Kifurushi chake cha msingi ni programu huria chini ya leseni ya GPL, unapakua bila kujisajili popote. Extension Pack, kifurushi cha nyongeza, ndiyo ina leseni yake ya pekee: bure kwa matumizi binafsi, lakini ukiipeleka kazini inalipiwa. Wewe huihitaji. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022, hata USB 3 imo kwenye kifurushi cha msingi.

Jibu la 2
Naheshimu mawazo ya hapo juu, ila mimi ningeenda na VMware Workstation Pro. Zamani ilikuwa ya kulipia. Mei 2024 ikawa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba mwaka huo huo ikawa bure kwa wote, hata makampuni. Kwangu madirisha ya Linux yanafunguka kwa wepesi zaidi kuliko kwenye VirtualBox. Usumbufu ni kwamba lazima ufungue akaunti ya Broadcom, kampuni inayoimiliki VMware, ndipo upakue.

Jibu la 3
Ndugu, zote mbili zitakufaa. Kwa RAM GB 8, kitakachokukwaza ni mgao. Ipe mashine pepe GB 3, isizidi 4, la sivyo Windows yenyewe itaanza kukwama. Weka Linux nyepesi, mfano Linux Mint ya Xfce au Lubuntu. Diski ichague ile inayokua kadiri unavyoijaza. Ukiandika GB 30 haitazimeza zote siku ya kwanza.

Kabla ya yote fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uangalie CPU. Mstari wa Virtualization usiposema Enabled, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe: VT-x kama prosesa ni Intel, au SVM kama ni AMD. Ukishawasha mashine kwenye VirtualBox, tazama alama ndogo zilizo chini ya dirisha, upande wa kulia. Ukiona kobe wa kijani, ujue Windows imeshika uwezo huo wa prosesa na VirtualBox inapitia mgongoni mwake, ndiyo maana kila kitu kinajikokota. Mara nyingi chanzo ni WSL2 (sehemu ya Windows ya kuendesha Linux) au Memory Integrity.

Jibu la 2
Memory Integrity asiizime kiholela, ni ulinzi wa Windows. Bora avumilie kobe.

Jibu la 3
Kweli kabisa, hapo nakuunga mkono.

Mleta mada, jingine: snapshoti (picha ya hali ya mashine pepe kwa wakati fulani) siyo nakala. Inakurudisha nyuma ukiharibu mfumo, lakini inategemea faili la diski lile lile. SSD ikifa, vyote vimekwenda. Zima mashine, kisha nakili folda yake nzima kwenye diski ya nje.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu. Nimeweka VirtualBox na Mint, RAM GB 3. Kobe alikuwepo, WSL2 siitumii, nikaiondoa, na Memory Integrity kwangu ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Sasa kobe hayupo. Nimepiga snapshoti, nikafuta folda ya /etc, yenye mipangilio ya mfumo, makusudi, Mint ikagoma kuwaka. Nikairudisha kwa chini ya dakika moja. Diski ya nje naiunganisha usiku huu, na faili za Windows nazo nazinakili.