Vibanda vya gemu karibu na shule: vifungwe au viachwe?

Mama wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Kwetu mtaani, kutoka geti la shule ya msingi hadi kibanda cha gemu ni hatua mia na themanini, nimezihesabu mwenyewe. Jumatatu nilimpa mwanangu wa darasa la sita elfu tatu ya twisheni ya wiki nzima. Jioni ile ile napita kununua mkaa, nasikia sauti yake: "Mpige chenga! Mpige chenga!" Nikafunua pazia. Joto, giza, feni moja inalia, watoto kama kumi na watano kwenye mabenchi mawili, mabegi ya shule yamelundikwa chini ya televisheni. Elfu tatu imekwisha. Mimi nasema vilivyo karibu na shule vifungwe vyote. Mnasemaje?

Padi Mbovu
Pole mama. Ila kwa sheria za kibandani, anayefungwa ndiye analipa, mshindi anabaki na padi, kile kidude cha kuchezea. Mechi ni jero, mia tano. Elfu tatu maana yake dogo kapigwa sita. Hapo tatizo si kibanda, ni kiwango.

Mama wa Tabata
Hii imekufurahisha? Hela ya mtu ya jasho imeliwa wewe unapiga hesabu ya magoli?

Kete 64
Mama, wasikuchanganye. Zamani mtoto akirudi shule anachota maji, kisha anakaa pembeni ya wazee anaangalia bao, hesabu zinaingia kichwani bila fimbo. Hata hivyo watoto nawasamehe. Ninaowashangaa ni watu wazima. Mwanaume mwenye ndevu na mke ndani, anashika padi! Huyo ni mtoto aliyechelewa kukua, basi.

Padi Mbovu
Mzee, mimi nina ndevu, nina mke, nina watoto wawili, na padi ninazo mbili. Wiki nzima niko juu ya kiunzi napiga plasta. Ijumaa jioni washkaji watatu wanakuja kwangu: mmoja anabeba mishkaki, mmoja soda, mwingine domo lake tu, mimi natoa umeme. Tunacheza FIFA, ile gemu ya mpira, mpaka saa nne, kila mtu anarudi kwake akiwa na akili timamu. Ulitaka niwe wapi, baa?

Kete 64
Baa kaitaja nani? Umejishtukia mwenyewe.

Mjuaji
Ningependa kuwakumbusha kuwa Shirika la Afya Duniani limeshatangaza kwamba gemu ni ugonjwa. Na China wamepiga marufuku kabisa. Sisi ni nani?

Mpita Njia
Mjuaji, umesikia nusu. WHO mwaka 2019 walipitisha orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika 2022, na ndani yake kuna uraibu wa gemu: mtu kashindwa kujizuia, kazi na familia vinaharibika, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi kumi na miwili. Kucheza Ijumaa si ugonjwa. Na China 2021 waliwabana walio chini ya miaka 18 kwenye gemu za mtandaoni: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, saa mbili usiku hadi saa tatu. Mtu mzima hakuguswa.

Mjuaji
Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa.

Mwenye Banda
Naomba nami niseme, maana ndio mkate wangu. Banda langu si la huko Tabata, mama usije ukanivamia. Nina mashine za gemu tatu, PS3 mbili na PS4 moja. Hizo PS3 zimeishia FIFA 19, mpya hazitoki tena, ila watoto hawajali maana mchezaji wao bado yumo. Ukutani niliandika kwa rangi nyekundu: SARE HAIRUHUSIWI. Wiki nzima ya kwanza wateja wakadhani nimekataza mechi kuisha sare, kila ikiwa moja-moja wanapiga penalti. Watoto wa shule ndio waliolielewa siku ya kwanza. Wakaanza kuja na fulana juu ya shati jeupe, ukosi unachungulia. Nikimtoa anavuka barabara, anaingia kwa jirani asiye na tangazo.

Mnaona jero, hamuoni luku ya umeme. Hamuoni padi: watoto wanaikandamiza kwa hasira, analogi inalegea, mchezaji anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kona hata hujamgusa. Fundi anataka hela, na akiitengeneza inakaa wiki mbili.

Kete 64
Umeandika aya mbili, za ndevu hujajibu.

Mwenye Banda
Mzee, wateja wangu wenye ndevu ndio wanaolipa bila kulia.

Mtu wa Barza
Nyie watu wa bara mwanichekesha. Njooni Unguja, pitieni Jaws Corner jioni, muone wanaume wazima na kanzu zao wanavyogonga dhumna mpaka meza inalia. Wengine wako kwenye keram, wengine karata. Aliyefungwa hasemeshwi wiki nzima ila kwa kejeli. Tafauti yake na padi ni umeme tu, mie sioni nyengine. Na watoto wakitoka skuli wanachupa baharini pale Forodhani, bure. Hao wa Tabata mnawafungia kibanda, kisha waende wapi? Kiwanja mnacho?

Mama wa Tabata
Kiwanja kilikuwepo. Sasa kina fremu za maduka na pahali pa kuoshea magari.

Mpita Njia
"Watu wa bara" ndio nini? Dar haina bahari?

Mtu wa Barza
Nimesema Tabata. Bahari ya Tabata iko wapi, hebu nioneshe.

Mpita Njia
Coco iko pale. Watoto wetu wanakwenda, wanakula mihogo.

Mama wa Tabata
Kaka yangu, kwenda Coco kutoka huku ni kubadilisha daladala, nauli kwenda na kurudi, na hiyo mihogo haigawiwi. Nikiwa na watoto wawili ni bajeti ya sikukuu hiyo, si ya Jumanne.

Binti Asiyepenga
Nimesoma uzi wote. Mzee analinda bao, kaka analinda padi, Unguja wanalinda dhumna. Nina swali moja tu: hizo Ijumaa, mke wa Padi Mbovu anakuwa wapi?

Padi Mbovu
Usimwingize mke wangu humu. Na kwa taarifa yako anacheza, na mwezi uliopita alinifunga nne.

Binti Asiyepenga
Sawa. Washkaji wakishaondoka saa nne, hizo sahani za mishkaki anaosha nani?

Mwenye Banda
Kimya kimetanda.

Padi Mbovu
Wengine tuko kazini, si kila saa tunashinda mtandaoni.

Kete 64
Kazini saa tatu usiku! Plasta ya gizani? Na hiyo FIFA yenu mngeifundisha hata...

Padi Mbovu
Haiitwi tena FIFA. Tangu 2023 inatoka kwa jina la EA Sports FC, mkataba wa kampuni ya EA na shirikisho la FIFA uliisha.

Kete 64
Wewe mwenyewe umeiita FIFA hapo juu. Iitwe hata Pamba FC, ni vidole gumba tu. Bao lina kete 64, kila mtu 32. Unaanza na sita nyumbani, lile shimo kuu, mbili na mbili kando, 22 umezishika, na zote inabidi uzione kwa akili kabla hujatia mkono.

Padi Mbovu
Bao nalijua mzee, usinitishe. Likizo iliyopita nilikuwa kijijini. Bado tunanamua, yaani kete za mkononi hazijaisha, nikatakata, yaani nikasambaza bila kula, kete ya mwisho ikatua nyumbani kwangu, nikazoa nyumba nzima nikasafiri nayo. Nikamfunga babu mchana kweupe mbele ya watu.

Kete 64
Umejianika. Ukitakata, kete ya mwisho ikiingia nyumbani unalala hapo hapo, zamu imekwisha. Safari ni ya aliyekula. Mtu wa Barza, semeni ukweli.

Mtu wa Barza
Wallahi hapa mzee kasema kweli. Kwenye kula una hiari, ulale au usafiri. Kwenye kutakata huna safari.

Mama wa Tabata
Jamani, mada ilikuwa vibanda. Nitakwenda mwenyewe kwa mtendaji kesho, kama hapa hakuna jibu. Na kwa wewe uliyepiga hesabu: nimemuuliza mwanangu leo alifungwa mara ngapi. Anasema tano. Moja alimlipia rafiki yake, hakuwa na hela.

Padi Mbovu
Subirini kwanza. Babu kacheza bao miaka sitini. Ina maana aliona, akaniachia?