Dawa ya usingizi na sonona inayofanyiwa majaribio: niinunue?

MamaHamza_Malaba
Habari zenu wakuu. Mwezi wa nne huu sijalala usiku mzima. Saa nane macho pima, nasikiliza malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani hadi adhana ya alfajiri. Mchana sina hamu ya chochote, hata meza ya chapati nimemwachia mdogo wangu. Kliniki moja ilinipa amitriptyline. Nalala, ila naamka mdomo mkavu, kichwa kizito.

Sasa binamu yangu wa Marekani kanitumia habari za seltorexant, inatibu usingizi na sonona kwa pamoja. Kuna kijana hapa anasema anayo, vidonge kumi laki mbili.

Boda_Busia
Laki mbili! Mimi nipe hiyo nilale juu ya pikipiki.

SistaTororo
Mpuuze huyo. Dada, dawa ipo kweli, ya Johnson & Johnson. Ubongo una kemikali inayotuweka macho, oreksini, iligunduliwa 1998. Dawa za usingizi tulizozoea zinazubaisha ubongo mzima. Hii inaziba mlango mmoja tu wa oreksini. Mei 2024 kampuni ilitangaza matokeo: wagonjwa wa sonona wasiolala, ambao dawa zao hazikuwatosha, waliongezewa miligramu 20 kila usiku. Siku ya 43 walikuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Umeona, *waliongezewa*. Dawa zao hawakuziacha.

Na dawa ya majaribio haiuzwi mtaani. Hapa Uganda jaribio linahitaji kibali cha NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, unaelezwa, unasaini, dawa unapewa bure. Vikoje hivyo vidonge?

MamaHamza_Malaba
Vyeupe, mstari katikati, vimefungwa kwenye kavera ya plastiki. Boksi hakuna, tarehe hakuna. Vinanuka petroli kidogo.

Mzee_Kisenyi
Mwanangu, niliwahi kununua "dawa ya Ulaya" ya namna hiyo. Nilizinduliwa kwa ndoo ya maji. Kilichonifaa ni kikundi cha mazungumzo. Kilijaribiwa Masaka na Rakai, matokeo yakatoka 2003: wanakijiji wakikutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao, wanawake peke yao, sonona ikapungua sana. Nilipoambiwa nilicheka. Wanaume wazima tukae tukilia?

SistaTororo
Dada, amitriptyline usiikatishe ghafla, na usichanganye na waragi. Halafu nijibu wazi: unawaza kujidhuru?

MamaHamza_Malaba
Hapana sista. Ila juzi niliwaza watoto wangepata mama mwingine ingekuwa nafuu kwao. Hiyo nayo inahesabika?

SistaTororo
Inahesabika. Mwambie mdogo wako sasa hivi, leo alale kwako, na vidonge vyote avishike yeye. Kesho asubuhi hospitali, maneno hayo hayo umwambie daktari. Mawazo yakikuzidi usiku, msingoje kuche.

MamaHamza_Malaba
Nimemwambia. Analia kuliko mimi. Saa moja asubuhi tunapanda takisi ya Tororo. Yule kijana kapiga simu mara tatu, sasa anasema laki moja na nusu.

Boda_Busia
Mama Hamza, nisamehe. Nipo stendi ya Malaba kesho, nitawapeleka bure.