Ulinganisho: dawa za kung'arisha matairi kwa jua na vumbi la Dar es Salaam

MwanaGoba

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninaishi Goba, kipande cha mwisho cha kufika nyumbani kwangu hakina lami, na gari langu hulala nje. Kila Jumamosi vijana wanaonioshea gari hulipaka matairi dawa inayong'aa sana, lakini ikifika Jumatatu jioni ubavu wa tairi huwa umeshika vumbi kama andazi lililogaragazwa kwenye unga. Nilipozunguka Kariakoo nilioneshwa dawa za aina tatu: ya mafuta, inayonuka kama thina, ya maji, nyeupe kama maziwa, na kotingi, ambayo muuzaji alisema hukaa miezi kadhaa. Jirani yangu naye huchanganya gliserini na maji. Kwa mazingira yangu, ipi inafaa, na ipi inaweza kuharibu mpira?

MzeeWaTabata

Dada MwanaGoba, kabla ya kulinganisha dawa inafaa kwanza tulielewe tairi lenyewe, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Weusi wa tairi hutokana na masizi maalumu ya kaboni yanayochanganywa na mpira kiwandani, nayo huuimarisha na kuukinga na miale ya jua. Ndani ya mpira huo kuna pia nta na kemikali za kuzuia ozoni (gesi ya hewani inayopasua mpira), ambazo hupanda polepole hadi juu kila tairi linapokunjuka na kukunjika barabarani. Kemikali hizo zikikutana na hewa hugeuka rangi ya kahawia, na ndiyo maana tairi lililooshwa vizuri hurudia ukahawia baada ya muda. Watu huuona kuwa ni uchafu, kumbe ni kinga iliyokwisha kufanya kazi yake. Hii pia ndiyo sababu gari linaloegeshwa miezi mingi bila kutembea huweza kupasuka mbavu za matairi mapema kuliko linalotembea kila siku.

Sasa nijibu ulichouliza. Dawa ya mafuta hubeba silikoni ndani ya kiyeyushi cha jamii ya petroli. Hung'aa sana na huvumilia mvua, lakini hubaki na unyevu wa mafuta, na vumbi la Goba linapenda sana unyevu huo. Kiyeyushi chenyewe kikipakwa mara kwa mara huondoa ile nta na kuukausha mpira. Dawa ya maji hubeba silikoni kwenye maji, kwa hiyo maji yakishakauka hubaki utando mwembamba usio na utelezi mwingi. Mng'ao wake ni wa wastani, na mimi naupenda zaidi, kwa kuwa tairi linaonekana kama jipya badala ya kuonekana limelowa. Gliserini haiudhuru mpira, ila huyeyuka kwenye maji. Mvua moja ya masika na kazi yote imekwenda mtaroni.

MuoshajiMwenge

Shikamoo mzee, na ahsante kwa maelezo hayo. Mimi naosha magari kwa riziki, na naomba niseme jambo ambalo wateja hawaambiwi. Sehemu nyingine kinachopakwa hakitoki kwenye kopo la dawa hata kidogo, bali ni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini au dizeli iliyochanganywa na sabuni. Oili na dizeli huingia kwenye mpira na kuulainisha na kuuvimbisha, na siku ya kwanza utapendeza kweli. Dada, mwombe kijana wako akuoneshe kopo, au nunua lako uwe unampa.

Jambo la pili ni kwamba dawa yoyote hushindwa ikipakwa juu ya dawa ya zamani. Mimi hulowesha tairi, hunyunyizia sabuni ya kuondoa mafuta, kisha husugua kwa brashi ngumu kuanzia kwenye rimu kuelekea nje. Povu la kwanza hutoka la kahawia kama chai ya maziwa. Hulisuuza na kurudia, na sipaki kitu mpaka povu litoke jeupe. Tairi lililopakwa mafuta kwa miaka mingi linaweza kudai kusuguliwa mara tatu au nne. Baada ya hapo liache likauke kabisa, pamoja na maandishi yaliyochongwa ubavuni, kwa kuwa maji hujificha humo. Paka kwa sponji, kidogo sana, subiri kama dakika kumi, halafu futa kinachobaki kwa kitambaa kikavu. Ukiona vitone vyeusi kwenye madigadi na milango baada ya safari, dawa ilikuwa nyingi au uliondoka kabla haijakauka.

Tafadhali pia, mtu asipulizie dawa kuelekea kwenye diski za breki, na asipake sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Kwa pikipiki ningesema usipake kabisa, maana tairi lake hulalia upande kwenye kona.

KandoYaBahari

Nimetumia kotingi ya matairi kwa zaidi ya mwaka hapa Msasani, kwa hiyo nizungumzie hiyo pekee. Si ile kotingi ya kioo inayopakwa kwenye bodi, kwa sababu ile hukakamaa na tairi hujikunja muda wote. Hii ni utando wa plastiki laini unaoshikamana na mpira. Ubora wake ni kwamba ni mkavu ukiushika, vumbi linaondoka kwa maji matupu, na hakuna kinachorukia kwenye rangi. Udhaifu wake ni maandalizi. Mara ya kwanza nilisugua haraka haraka, nikapaka, na baada ya wiki tatu ilianza kubanduka vipande vipande, tairi likabaki na madoadoa kama ngozi yenye mba. Mara ya pili nilitumia asubuhi nzima kwa matairi manne, nikaliacha gari bila kuguswa na maji kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo, nayo ilikaa tangu vuli hadi masika. Ila gari likiendelea kuoshwa kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta, kotingi inaondoka nayo. Kama huwezi kumsimamia anayeosha, usiingie gharama hiyo.

RangiNaBodi

Mimi ni fundi wa rangi. Silikoni ya kupulizia inaporukia kwenye bodi hujificha hapo, na siku gari likija kupigwa rangi, rangi mpya hukataa kushika na kufanya vishimo vidogo kama macho ya samaki. Pakeni kwa sponji, msipulizie.

MzeeWaTabata

Nilisahau jambo lililo kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Mng'ao huficha umri. Nilimsaidia kijana wangu kukagua gari la mkononi ambalo matairi yake yaling'aa kama viatu vya gwaride. Tulipoyafuta kwa kitambaa chenye sabuni, chini yake kulikuwa na nyufa nyembamba zilizozunguka ubavu wote. Angalieni tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotimiza miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe, hata kama kashata zake, yaani michongo ya sehemu inayokanyaga barabara, bado ni nzuri.

MwanaGoba

Mzee wangu, nimesoma ujumbe wako nikaenda nje na tochi ya simu. Matairi ya mbele yanasomeka 3121. Ya nyuma hayakuonesha tarakimu hizo kwa nje, nikalazimika kulala chini kutazama upande wa ndani, nikakuta 1413 yote mawili, na mikunjo ya ubavu ina nyufa zinazoingia ukucha. Nilikuwa nikiyapaka dawa kila Jumamosi. Fedha niliyotenga kwa ajili ya kotingi itaanzia kwenye matairi mawili mapya ya nyuma, na kwa yote manne nitanunua dawa ya maji, niipake mwenyewe. Je, matairi mapya nayo yanahitaji kusuguliwa?

MuoshajiMwenge

Yanahitaji, dada. Tairi jipya hutoka kiwandani likiwa na utando wa kilainishi cha kulitoa kwenye umbo, na dawa haishiki juu yake. Litembeze siku chache kwanza, bila kufunga breki kwa nguvu wala kukata kona kwa kasi, kisha lisugue mara mbili ndipo upake.