Mjadala: Tuendelee kumwambia mgonjwa wa sonona kwamba "kemikali imepungua kichwani"?

Mfamasia, Moshi: Mgonjwa akileta cheti cha fluoksetini, dawa ya sonona, wengi wetu humwambia serotonini yake, kemikali ya ubongo, imepungua na vidonge vitaijaza. Mwaka 2022 daktari wa akili wa Uingereza, Joanna Moncrieff, na wenzake walipitia tafiti nyingi za nyuma, wasione ushahidi thabiti wa upungufu huo. Kauli hiyo tuiache. Dawa tusiiache.

Muuguzi wa afya ya akili, Arusha: Aliyeambiwa karogwa, au kwamba hasali vya kutosha, akisikia tatizo ni ubongo anapumua. Ukimnyang'anya hilo unamwachia nini?

Mfamasia, Moshi: Ubongo abaki nao, dada. Kinachoondoka ni hadithi ya kujaza tangi. Fluoksetini huzuia serotonini isirudi kwenye seli iliyoitoa, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 6. Katikati hapo vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea serotonini, vinajirekebisha na miunganiko ya seli inabadilika. Wanasayansi bado wanavutana kuhusu lipi hasa linaleta nafuu. Mwenye picha ya tangi, siku ya 10 ana kichefuchefu, usingizi umekatika, nafuu haioni. Anaacha.

Daktari, Arusha: Maneno yenu sawa, ila madhara makubwa hutokana na maswali yasiyoulizwa. Kabla ya kuandika 20 mg asubuhi, uliza kama amewahi kupitisha siku kadhaa bila kulala na asichoke, akiongea mfululizo na kutapanya fedha. Huenda ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa ya sonona peke yake yaweza kumpandisha tena huko. Pima wingi wa damu na tezi ya shingo, uliza pombe. Uliza pia tramadoli, dawa ya maumivu: ikichanganywa na fluoksetini inaweza kuleta degedege, homa na kutetemeka. Aliye chini ya miaka 25 aonwe mapema, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka wiki za mwanzo.

Muuguzi: Na fluoksetini ikikosekana?

Daktari: Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, 25 mg usiku, ipande taratibu, wengi huhitaji 75 au zaidi. Kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, mzee mkojo unaweza kumkwama. Ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo toa ya wiki moja na ndugu ndiye aitunze.

Mshauri nasaha, Moshi: Mbona mmerukia vidonge? Sonona nyepesi ianze na mazungumzo. Zimbabwe, utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wahudumu wa jamii wasio wataalamu wakipunguza dalili kwa vikao 6 vya kutatua matatizo, wakiwa wameketi na mgonjwa kwenye benchi.

Muuguzi: Nakubali, mradi uniletee wahudumu hao. Leo nina foleni hadi nje. Nipeni la kumwambia mama aliyetoka Machame kwa dakika tatu.

Mfamasia: "Hujalaaniwa, mama. Dawa inafanya kazi kwenye ubongo. Wiki ya kwanza inaweza kukusumbua, nafuu huja baadaye. Ukipona tutaendelea miezi 9 au zaidi. Usiache bila kurudi kwetu."

Daktari: Na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi.

Muuguzi: Nitaitumia. Ila akiniuliza kama ni kemikali, nitamjibu ndiyo.

Mfamasia: Jibu ndiyo. Usiseme imepungua.